Pampu ya maziwa ya mkono, dola 14: miezi saba nayo kati ya maabara na nyumbani

Niliinunua mwanzoni mwa mwezi wa nane, siku tatu kabla ya kurudi kazini. Duka liko katikati ya mji wa Lubumbashi, si mbali na sanamu ya Moïse Tshombe pale Posta, mojawapo ya yale maduka yanayopanga biberoni (chupa za kunyonyeshea), vikwembe, mabeseni na taa za jua kwenye rafu moja. Boksi ni jeupe, lina picha ya mama na mtoto, na maandishi yote ni ya Kichina. Jina la kampuni silijui mpaka leo. Akina mama wengi hapa wanakiita kifaa hiki tirele. Muuzaji alianza na dola 18, tukaelewana kwa 14.

Ninaandika kwa sababu nilipokuwa naitafuta sikupata mtu wa hapa kwetu aliyeeleza inavyofanya kazi kwa mama anayeondoka nyumbani alfajiri na kurudi giza limeingia. Mimi ni mhandisi wa metalujia. Ninafanya kazi katika maabara ya kiwanda cha shaba kando ya barabara ya Likasi. Basi la wafanyakazi hunichukua saa kumi na moja na robo alfajiri, na jioni, malori ya shaba yakiwa yameziba barabara, nafika nyumbani saa moja na nusu usiku. Mtoto wangu wa pili alikuwa na miezi miwili niliporudi kazini. Wiki hiyohiyo nilipewa cheo cha mkuu wa maabara, kazi niliyokuwa nikiitaka tangu nilipotoka kwenye kitivo cha politekniki hapa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Nilikitaka cheo, na nilitaka mtoto anywe maziwa yangu mpaka afikishe miezi sita bila kuchanganyiwa kitu kingine, kama walivyotuambia kliniki. Sikuwa tayari kuacha hata kimoja.

Nieleze kwanza kifaa chenyewe. Kuna kikombe kipana kinachokaa kwenye ziwa, mimi nakiita tarumbeta kwa umbo lake. Kuna mkono wa plastiki wa kubonyeza, chupa ya mililita 150, na ndani, mahali ambapo huoni mpaka uifungue, kuna kimpira cheupe laini chenye mdomo kama wa bata. Ukibonyeza mkono, hewa inavutwa, maziwa yanakuja. Ukiachia, kile kimpira kinafunguka na maziwa yanashuka kwenye chupa. Hakuna betri wala waya. Usiidharau kwa hilo. Rafiki yangu aliniazima ya umeme wiki ya kwanza, nzuri kweli, inakamua maziwa yote mawili kwa pamoja. Lakini betri yake ilikuwa imechoka, na mtaani kwetu Snel, shirika la umeme, inakata umeme bila kutuambia utarudi lini. Siku mbili mfululizo niliondoka nyumbani na pampu isiyo na chaji. Ya mkono haijawahi kuniangusha kwa sababu ya delestaji, yaani mgao wa umeme.

Sasa siku ya kwanza. Kiwandani hakukuwa na mahali pa kukamulia maziwa, kwa hiyo niliingia chooni. Nilisimama kwa sababu hapakuwa na pa kukaa, chupa nimeibana kwa kiwiko, na kila baada ya dakika moja mtu anagonga mlango. Nilibonyeza nusu saa nzima, nikapata mililita 20, kiasi ambacho mtoto wangu humaliza kabla hajafumbua macho vizuri. Nilidhani pampu ni mbovu. Haikuwa mbovu. Maziwa hayashuki mama akiwa na hofu. Mwili unahitaji utulivu ili homoni ya oksitosini ifanye kazi yake, na mtu aliyesimama chooni huku akisikiliza miguu ya watu hana utulivu. Kwa hiyo ukisoma kwamba pampu fulani "haitoi", muulize kwanza anayesema hivyo alikuwa ameketi wapi.

Siku ya pili nilikwenda kwa mkubwa wangu. Nilikuwa na nakala ya Sheria ya Kazi ya Kongo ya Oktoba 2002, ile inayompa mama wiki 14 za uzazi, zisizozidi 8 baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili za mshahara. Ndani yake kuna jambo ambalo wanawake wengi wa kiwandani hawakulijua: anayenyonyesha ana haki ya mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, na yanalipwa kama muda wa kazi. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Mama Injenia, hayo si mambo ya nyumbani?" Nikamwekea ukurasa mezani. Alisoma. Hakuwa mtu mbaya, ni kwamba hakuna aliyewahi kumwomba. Mchana akanipa ufunguo wa stoo tuliyokuwa tukitunzia sampuli za zamani. Nikaisafisha mwenyewe Jumamosi, sampuli zikahamishwa, nikapangusa kuta kwa maji na sabuni mara tatu, kwa sababu vumbi la madini silitaki karibu na chupa ya mtoto. Nikaingiza kiti, meza ndogo, ndoo yenye koki, sabuni. Na kitasa kinachofunga kwa ndani.

Wiki ya tatu, katika chumba hicho, pampu ileile ya dola 14 ilikuwa inanipa mililita 140 kwa kikao kimoja. Nilikuwa nabeba kipande cha kikwembe ambacho mtoto hulalia, nakiweka magotini, nakinusa kidogo, halafu naanza. Mibonyezo ya kwanza iwe mifupi na ya haraka, kama mtoto anavyoanza kunyonya. Maziwa yakianza kudondoka, bonyeza taratibu, shikilia kidogo, achia. Mkono utauma siku za mwanzo. Badilisha mikono.

Ila nusu saa ya sheria, ukiihesabu na saa mkononi, si nusu saa. Kwangu inakwenda hivi: dakika nne kutoka mashine za vipimo mpaka stoo. Dakika tano kuvua koti la maabara, miwani, buti, na kunawa mikono mpaka kwenye viwiko, kwa sababu tunashughulika na asidi ya salfuriki kila siku na sitagusa ziwa nikiwa na mikono hiyo. Mwishoni dakika mbili za kuandika lebo na kufunga chupa, tano za kuvaa tena, nne za kurudi. Zinabaki kumi. Sheria iliyopimwa kwa nusu saa inamfaa mama ambaye mtoto wake yuko ng'ambo ya barabara. Mimi wangu alikuwa zaidi ya kilomita 30 kutoka nilipo. Ili kukamua vizuri pande zote mbili kwa pampu ya mkono nahitaji dakika 25 za kubonyeza. Dakika zinazozidi nilizitoa kwenye mapumziko yangu ya chakula, bukari na matembele nikila mbele ya kompyuta. Anayetafuta pampu ya kumaliza haraka, hii siyo.

Kasoro zake nazitaja bila kuficha. Tarumbeta ni ya milimita 24, na duka halina saizi nyingine. Wiki mbili za kwanza niliumia, ngozi ikachubuka, nikawa nauma meno. Nilichukua kalipa, kifaa chetu cha kupimia upana, nikapima chuchu yangu: milimita 17. Yaani sehemu ya ngozi inayozunguka ilikuwa ikivutwa ndani ya bomba isipotakiwa. Nilitafuta mjini kote kipete cha mpira cha kupunguza upana, nikakipata kwa mtu anayeleta vitu kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na maumivu yakaisha siku ileile. Pima kabla ya kununua. Rula ya mtoto wa shule inatosha.

Pili, alama za chupa si za kweli. Nilijaza maji mpaka mstari wa 100, nikamimina kwenye silinda ya kupimia: mililita 92. Nikarudia mara tatu, ni ileile. Nyumbani tulikuwa tunashangaa kwa nini mtoto analia baada ya "mia" yake. Tangu hapo nilichora mistari yangu kwa kalamu isiyofutika, na nimekuwa nikiichora upya kila wiki mbili maana maji ya moto huiondoa.

Tatu, kile kimpira. Kilipasuka mwezi wa kumi, ufa mwembamba kama unywele, na pampu ikaacha kuvuta ghafla. Boksi halina cha akiba, na dukani hawauzi kimpira peke yake. Nililazimika kununua pampu nzima ya pili kwa ajili ya kipande chenye ukubwa wa ukucha. Ukihesabu vizuri, basi, bei yake kwangu ni dola 28.

Sasa habari za nyumbani, maana maziwa yakishatoka kazi inabaki. Mtoto nilimwacha na mama-mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Nkambo tangu alipopata mjukuu wa kwanza. Ni mwalimu mstaafu, alifundisha katika mji wa Kipushi miaka mingi. Jioni ya kwanza niliporudi, nilimkuta ameweka sufuria kwenye mbabula na maziwa yangu yanachemka. "Mwanangu, maziwa yamelala, lazima yachemke," akaniambia. Alikuwa ameona mafuta yameelea juu, akafikiri yameharibika, kama maziwa ya ng'ombe yanavyofanya. Nilikaa chini pale jikoni nikalia. Ile chupa ilikuwa ya siku nzima. Yeye naye akaniangalia, akazima moto, akasema, "Nifundishe."

Nikamfundisha kama ninavyowafundisha vijana wa maabara. Mafuta kuelea ni kawaida, unaizungusha chupa polepole yanachanganyika. Huchemshi, unaisimamisha chupa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu. Yaliyotoka ziwani sasa hivi yanakaa saa nne mezani kama chumba hakizidi digrii 25, na mwezi wa kumi hapa kwetu, kabla mvua haijashuka, hakuna chumba cha namna hiyo mchana, kwa hiyo tulikubaliana yasikae mezani kabisa. Kwenye frigo inayofanya kazi, siku nne. Kwenye mfuko wa baridi wenye vibao vya barafu iliyoganda sawasawa, saa 24. Alichoacha mtoto kwenye biberoni kinamwagwa baada ya saa mbili, hata kikiwa kingi, hata ukisikia uchungu.

Mfuko wa baridi ndio uliotuokoa na delestaji. Usijaribu kufanya hivi kwa pampu peke yake. Vibao vya barafu tulikuwa tunavigandisha kwa jirani mwenye jenereta, tunamlipa kila mwezi kidogo. Kila chupa niliibandikia lebo kama sampuli: tarehe, saa, ujazo. Na Nkambo akafungua daftari. Ninalo hapa mbele yangu, ni daftari la shule la kurasa 48, mwandiko wake wa ubaoni umesimama wima: "Saa nne na dakika ishirini, ml 90, amemaliza. Saa saba, ml 80, amebakiza, nimemwaga. Saa tisa, amekataa, anatafuta mama." Huo mstari wa mwisho niliusoma kwenye kochi usiku, buti bado mguuni. Nkambo hakuuficha, na sikutaka aufiche.

Mume wangu alichukua zamu ya usiku ya kuchemsha vipande. Dakika tano kwenye maji yanayotokota, kila kipande kimefunguliwa, halafu juu ya kitambaa safi vikauke vyenyewe. Alifanya hivyo miezi saba na nadhani ameshindwa usiku tatu au nne tu. Ninaandika hivi ili mwanaume anayesoma ajue kazi yake iko wapi.

Siku moja nilikosea, na kosa lilikuwa langu. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, tulikuwa na wageni waliokuja kukagua vipimo vyetu vya shaba, na mimi ndiye nilikuwa nawaeleza jinsi tunavyofika usafi wa asilimia 99.99. Kikao kilianza saa tatu. Saa nne ikapita, saa ya pampu yangu. Niliona haya kusimama. Mkuu mpya wa maabara, mwanamke, anaondoka katikati ya maelezo yake? Nikaendelea mpaka saa saba na nusu. Niliposimama, matiti yalikuwa magumu kama mawe na blauzi imelowa chini ya koti. Usiku homa ikapanda, ziwa la kushoto jekundu, linawaka moto. Dawa za antibaiotiki, siku mbili kitandani. Kwa kuona haya dakika 30, nilipoteza siku mbili za kazi na wiki nzima ya maziwa ya upande ule.

Niliporudi nilichukua kalamu nyekundu, nikaenda kwenye ubao wa ratiba, pale tunapoandika saa za kusawazisha mashine na saa za sampuli za zamu. Nikaandika: "Mkuu wa maabara, maziwa, saa nne na saa nane." Vijana wakasoma. Hakuna aliyecheka. Baada ya wiki moja, mmoja wao ndiye aliyekuwa ananikumbusha: "Mama Shefu, saa nne hii." Mkutano wowote uliopangwa saa hiyo ukawa unasogezwa wenyewe.

Unapoilinganisha na maziwa ya kopo, hesabu iko wazi. Kopo la gramu 400 kwa mtoto wa miezi mitatu linaisha siku nne au tano, na karibu na kwetu lilikuwa dola 9. Mwezi mmoja wa makopo unazidi pampu mbili, mfuko wa baridi na barafu ya jirani kwa pamoja. Lakini simlaumu mama anayenunua kopo. Wako wanaofanya kazi mahali ambapo hakuna mtu atakayewapa ufunguo wa stoo, na wengine sokoni au kwa watu, hata mkataba hawana. Nkambo mwenyewe aliwaachisha wanawe ziwa wakiwa na miezi miwili kwa sababu ya darasa lake. Aliniambia hilo jioni niliyomwonyesha mkataba wangu mpya wa ukuu wa maabara. Aliupindua karatasi kwa karatasi, akaniuliza, "Na baba watoto amesaini wapi?" Zamani zake, aliposhika mkopo mdogo, alirudishwa nyumbani akalete barua ya mume; Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kwa mambo kama hayo, na hilo liliondolewa 2016 tu. Nikamwambia hapahitajiki saini yake. Akaupindua tena mkataba, akasoma jina langu kwa sauti, majina yote matatu, akaukunja vizuri akanirudishia.

Mtoto alifikisha miezi sita mwezi wa kumi na mbili. Sasa anakula uji wa mahindi na soya, na pampu naitumia mara moja tu kwa siku. Naipa nne kati ya tano. Ningeipa tano kama wangeweka kimpira cha akiba kwenye boksi na tarumbeta za saizi mbili.

Kuna dada mmoja katika jengo la elektrolisisi, ana mimba ya miezi minane. Aliniomba nimwachie pampu nikimaliza. Nilimkatalia pampu, kwa sababu hicho si kitu cha kupokezana, maziwa ya mtu huingia mahali ambapo kuchemsha hakufiki vizuri. Nilimwonyesha ufunguo wa stoo unapotundikwa, na nikamwambia saa zake aziandike ubaoni mapema, kabla hajaenda likizo. Jumamosi iliyopita alinipigia simu akiwa dukani, muuzaji amemwekea mbili mezani, achague ipi. Nikamwambia aombe maji kidogo, alowanishe kiganja, akandamize tarumbeta juu yake, abonyeze mkono mara moja na kuachia kiganja. Ikidondoka, airudishe. Nikasikia kelele za barabarani, halafu sauti yake: "Dada, ya kwanza imeanguka. Hii ya pili imeshika."